Mkutano na Uimbe

Nazungumza nanyi wasikilizaji mlio Mbinga mjini, Litembo na Kigonsera, na ninyi wa kule chini, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Leo nazungumzia nyimbo za kambi.

Mwezi wa sita shule zikifungwa, makanisa ya huku kwetu hukusanya vijana wao. Wakatoliki huwaita wanafunzi wa TYCS, vijana wa VIWAWA na watoto wa Utoto Mtakatifu. Waanglikana wana makongamano yao. Wasabato wana makambi, na katika hili wametutangulia wengi: kanisa lao lilifanya makambi yake ya kwanza huko Wright, Michigan, nchini Marekani, mwaka 1868, na baada ya kufika Mamba Giti, Upare, mwaka 1903, desturi hiyo ikaenea nao Tanzania nzima. Majina ni tofauti, lakini mambo yanafanana. Vijana wanatoka nyumbani na blanketi na sahani, wanalala pamoja, wanasali pamoja, wanafundishwa, wanaimba.

Kipupwe kilichopita nilipewa kazi ya kufundisha nyimbo na kuongoza sala za kuimba katika kambi za namna hiyo, chache milimani na nyingi ufukweni mwa Nyasa. Nimerudi na jambo moja, na sitalizungusha. Kambi ni mojawapo ya mahali pachache palipobaki ambapo watu wote wanaimba, kuanzia mstari wa mbele hadi mlangoni. Na hata huko tumeanza kuwanyang'anya nafasi hiyo.

Tazama Jumapili zetu. Kwaya imevaa sare, kinanda kimewashwa, spika mbili zimesimama kila upande. Wimbo ni mpya, umefanyiwa mazoezi tangu mwezi uliopita, una sauti nne zinazofukuzana. Unapendeza kweli. Waumini wamesimama kimya, wengine wameinua simu wanarekodi. Wimbo ukiisha wanapiga makofi. Wimbo unaofuata, vivyo hivyo. Mtu anaweza kwenda kanisani mwaka mzima asitumie sauti yake isipokuwa kusema "Amina".

Mimi ni mwalimu wa kwaya, na siwasemi walimu wenzangu kwa uchungu. Nyimbo za John Mgandu, za Joseph Makoye, za Bernard Mukasa zimo katika majalada yangu, na nadhani Kiswahili kina bahati kupata watunzi wa namna hiyo. Lakini kwaya zetu nyingi sasa zinafanya mazoezi zikiwa na studio kichwani. Zinataka albamu, zinataka video, na wimbo unachaguliwa kwa jinsi utakavyosikika kwenye redio kama hii. Bibi aliyekaa benchi la sita hafikiriwi. Mwaka 1963, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturujia, na hati hiyo inataka kwaya zistawishwe huku waumini wote wakishiriki kwa vitendo katika kuimba. Mambo hayo mawili yamewekwa mahali pamoja kwa makusudi. Sisi tumeshika lile la kwanza tu.

Sasa nishuke ziwani.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, na siku hizi ni lami. Zamani safari hiyo ilikuwa adhabu, hasa masika. Unaanza kwenye baridi ya Umatengo, kwenye mashamba ya kahawa na ngoro zilizopangwa mlimani shimo kwa shimo, unateremka kona baada ya kona, na masikio yanaziba. Ziwa liko chini, karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, wakati milima uliyoiacha inapita mita 1,500. Watoto wa milimani waliokuja na masweta wanayavua kabla gari halijasimama.

Chakula cha kambi kinatokana na mteremko huohuo. Fedha ni chache mwezi wa sita, kwa sababu kahawa ndiyo kwanza inachumwa na malipo yatakuja baadaye, basi parokia za juu zinaleta mahindi na maharage, na za ziwani zinaleta dagaa, unga wa muhogo, na mbasa wakipatikana. Nalisema hili kwa sababu nyimbo nazo zilikuja kwa njia ileile. Watoto wa Litembo walikuja na nyimbo ambazo wale wa Liuli hawakuzijua, na wa Liuli vivyo hivyo. Siku ya kwanza, kwenye pambio la makofi, wa milimani walipiga juu ya pigo, wa ziwani wakapiga kati ya pigo na pigo. Kila upande ukadhani mwenzake amekosea. Nikawaacha waendelee mpaka wakasikia wenyewe kwamba makofi yale mawili yanakaa pamoja vizuri kuliko lolote kati yao likiwa peke yake.

Ufukwe huu umezoea mafundisho ya namna hii. Padri William Percival Johnson, Mwanglikana wa misheni ya UMCA, alifika Nyasa miaka ya 1880 na akaitumikia pwani hii zaidi ya miaka arobaini, akienda kijiji hadi kijiji kwa meli ndogo na kwa miguu, huku macho yake yakiwa yameharibika vibaya. Alifariki mwaka 1928, na kaburi lake lipo Liuli. Misheni yake ilikuwa na meli nyingine, Chauncy Maples, iliyojengwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande na kushushwa majini mwaka 1901. Ilipewa jina la askofu aliyezama ziwani humu mwaka 1895, miezi michache tu baada ya kuwekwa wakfu. Meli hiyo ilikuwa pia shule: walimu wa dini walifundishwa humo, ikasimama vijijini, watu wakasali mchangani. Huku juu, Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata, vita vya Maji Maji vikapita juu yao, wakajenga upya. Watawa hao wanasali kwa kuimba mara kadhaa kila siku. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kufundisha nyimbo kambini ni kupoteza muda wa mafundisho ya dini, namjibu kwamba katika nchi hii mafundisho na nyimbo vilifika siku moja.

Lakini watu wa ziwa walikuwa na shule yao wenyewe ya kuimba na kucheza kwa pamoja, na hiyo ni mganda.

Mganda ni ngoma ya safu. Ni ndugu ya beni, ile ngoma iliyoiga gwaride na bendi za jeshi na kuenea Afrika Mashariki nzima enzi za Wajerumani na Waingereza. Hapa Nyasa ikapata sura yake: wanaume waliovaa nadhifu, vibuyu vinavyolizwa kwa mdomo, ngoma kubwa, viongozi wenye vyeo vya kingi na kepteni. Wanawake wana kioda yao. Kijiji kinaalika kijiji, wageni wanafika, wanalazwa, wanalishwa, wanacheza. Ukitafakari, hiyo ni kambi. Ilikuwapo kabla ya barua yoyote ya Baba Paroko ya kuita kambi.

Mchana mmoja tulikuwa na mazoezi chini ya mwembe, akapita mzee aliyekuwa kepteni wa mganda ujanani mwake. Vijana wakamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, akakaa kwenye mzizi, akasikiliza wimbo mzima hadi mwisho. Kisha akaniita pembeni.

"Mwalimu, wanao wanaimba vizuri. Lakini hawaonani."

Nikamwomba anieleze zaidi.

"Umewapanga wote wanakutazama wewe. Kwenye mganda kepteni anatazamwa mara moja, basi. Muda uliobaki unamtazama jirani yako. Ukimtazama kepteni tu, siku akiugua ngoma inakufa."

Nikawapanga upya papo hapo. Safu mbili zikitazamana, nafasi kati yao hatua chache, mimi nikakaa kwenye mzizi pembeni ya yule babu. Ubeti wa kwanza ulivurugika. Wa pili ukakaa. Kufikia wa tatu wakaanza kusikilizana, aliyekuwa anapiga kelele akapunguza, aliyekuwa ananong'ona akaongeza, na pumzi zikaanza kuvutwa pamoja bila mtu kuonyesha kwa mkono. Nimehudhuria semina za walimu wa kwaya zaidi ya moja, na sikumbuki somo lililonifaa kama hilo.

Kuna watu wa kanisa watakaoshtuka kwamba nimepokea ushauri wa ibada kwa mchezaji wa mganda. Mjadala huo ni wa zamani. Kuna vizazi vilivyoona ngoma ikiachwa nje ya mlango wa kanisa mahali pengi. Padri Stephen Mbunga, Mtanzania, aliandika kitabu kizima, kikatoka mwaka 1963, mwaka uleule wa hati ya Mtaguso, akiipima sheria ya Kanisa juu ya muziki mtakatifu na muziki wa Wabantu. Vijana wetu wa kwaya wangepaswa kulijua jina hilo. Mimi sidai kila ngoma iingie ibadani. Ipo yenye mahali pake kwenye sherehe, na wazee wenyewe ndio wanaojua mipaka hiyo. Lakini namna ya kusimama, namna ya kusikilizana, namna ya mmoja kuanzisha na wengi kuitikia, hayo ni mali yetu.

Hapo nataka nikae kidogo, kwenye kuanzisha na kuitikia, kwa sababu ndipo kazi ya kiongozi ilipo.

Waanzishaji wengi wanaanzisha juu mno. Kijana anaanza kwa sauti iliyompendeza yeye. Ubeti unakwenda. Kikifika kiitikio, noti ya juu inawashinda akina mama walioko nyuma, wanaume wanashuka chini oktavo nzima, na wavulana wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, ambao sauti zao ndiyo kwanza zinavunjika, wanafumba midomo. Mvulana akifumba mdomo kwa aibu katika umri huo, anaweza asiufungue tena kanisani mpaka azeeke. Nimewaona wanaume wengi wa namna hiyo, wamesimama nyuma kabisa wamekunja mikono, na mtu anadhani hawana imani. Walipandishiwa wimbo tu.

Basi kambini tuliweka utaratibu. Kabla ya kuanzisha, tafuta noti ya juu kabisa katika wimbo mzima, iimbe kwanza kwa sauti ndogo, jiulize kama mama aliyeamka saa kumi na moja kuwasha moto wa uji anaifikia. Haifikii? Shusha. Ukikosea, kosea kwa kushusha.

Tuliwafundisha kusoma do re mi, ule mfumo ulioanzishwa na Sarah Glover huko Norwich, Uingereza, na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19, kisha wamisionari wakaubeba kuja Afrika. Wapo wanaoudharau siku hizi wakisema umepitwa na wakati. Mimi nautetea. Unahitaji chaki na ubao, au kijiti na mchanga. Ufukweni tuliandika mchangani. Mtoto wa darasa la sita ambaye hajawahi kugusa kinanda anaweza kuusoma mstari mfupi kwa siku chache tu, na akirudi kijijini kusikokuwa na umeme anarudi nao wote.

Na kuna suala la mkazo. Kiswahili kinauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kila mtoto anajua hivyo bila kufundishwa. Tuni nyingi za Ulaya tulizozitia maneno yetu zinaangusha pigo zito penginepo, ukajikuta unamwita Bwana na uzito wote umeangukia kwenye "na". Tumezoea, hatusikii tena. Watoto wadogo wanasikia, ndiyo maana wanapotunga pambio lao wenyewe halina kasoro hiyo. Tuliwapa nusu saa kila alasiri ya kutunga kiitikio kutokana na zaburi ya siku, kwa Kiswahili, kwa Kimatengo, kwa Kinyasa, walivyopenda. Vingi vilisahaulika siku hiyohiyo. Vichache vilibaki, na hivyo ndivyo vilivyoimbwa kwenye Misa ya kufunga.

Kulikuwa na kijana mmoja kutoka mjini, fundi kweli wa kinanda. Alikuja nacho, pamoja na spika na betri ya gari. Uongozi wa kambi ulikuwa umeamua kwamba katika sala hakutakuwa na mashine, na uamuzi huo ulimuumiza. Sikuona haki kumwacha akae pembeni na kipaji chake. Tukakubaliana: alasiri, wakati wa kujifunza sauti, kinanda kifanye kazi, akiwapigia besi mstari wao, kisha teno, kisha alto. Jioni, kwenye sala, akipige noti moja ya kuanzia, akizime. Siku mbili za mwanzo alipiga noti yake na kuinama. Siku ya tatu nilimwona ameacha kinanda, amesimama katikati ya wenzake wa teno, anaimba. Baadaye alinieleza kwamba hakuwahi kuimba katika ibada tangu aanze kupiga. Mikono yake ndiyo iliyokuwa kanisani.

Kuongoza ibada ni kazi nyingine tena, ngumu kuliko kufundisha wimbo. Vijana wengi wamejifunza kwa kutazama video za waimbaji wakubwa: macho yamefumbwa, kipaza sauti mkononi, pambio linarudiwa na kurudiwa mpaka watu wanachoka na kuanza kutazamana. Niliwaambia, anayeongoza hana ruhusa ya kufumba macho. Wenzako wafumbe, wewe watazame. Tazama kama yule mgonjwa wa homa amekaa. Tazama kama watoto wamesinzia. Ukiona wimbo umewashika, urudie. Ukiona umekwisha, umalize, hata kama moyo wako bado unautaka. Na ujue kunyamaza. Jioni ya Kuabudu Ekaristi, upepo wa kusini, ule wavuvi wanaouita mwera, ulikuwa umechafua ziwa tangu adhuhuri, mawimbi yanasikika mpaka tulipopiga magoti. Msichana aliyekuwa na zamu ya kuongoza alianzisha kiitikio kifupi, kikaimbwa mara kadhaa kikizidi kupungua sauti, kisha akakiacha. Hakuongeza kitu. Tulikaa kimya muda mrefu, vijana wote wale, na hakuna aliyecheka. Ana miaka kumi na sita. Hakuna aliyemfundisha lini aache.

Kule Taizé, Ufaransa, katika jumuiya iliyoanzishwa na Bruda Roger mwaka 1940, wanaimba kwa mtindo unaokaribiana na huo: maneno machache, tuni fupi, yanarudiwa kwa utulivu, kwa sababu vijana wanaofika wanatoka nchi nyingi na hawana lugha moja. Mwaka 2008 jumuiya hiyo iliwakusanya vijana Nairobi. Sisi hatuhitaji kuiga tuni zao. Kiitikio kifupi kinachorudiwa tunacho tangu zamani, kwenye kuvuta nyavu, kwenye kutwanga, kwenye msiba. Tukitumie.

Sasa kuna jambo lililonikera, na nalisema wazi. Kambi nyingi, saa ya mazoezi ya nyimbo inapofika, wasichana wanaitwa jikoni. Wanasonga ugali wa watu wote, wanaosha masufuria, na wakirudi wimbo umeshagawanywa na mwanzishaji ameshachaguliwa, naye ni mvulana. Halafu mwaka unaofuata tunasema hatuna wasichana wanaoweza kuongoza. Tulipopanga zamu, wavulana jikoni siku moja, wasichana siku ya pili, kulikuwa na manung'uniko, na ugali wa siku ya kwanza ulikuwa na mabonge. Ulilika. Yule msichana wa jioni ya Kuabudu nisingemsikia kamwe bila zamu hiyo.

Wazazi nanyi nina ombi. Najua mwezi wa sita kahawa imeiva na mikono inahitajika. Lakini katika nyumba nyingi anayebaki shambani ni binti na anayekwenda kambini ni kaka yake. Mwakani mbadilishane.

Baba Paroko, Baba Kasisi, na wenyeviti wa kamati za vijana: mkituma vijana kambini msituchagulie wale wa kwaya peke yao. Hao wana mwalimu nyumbani. Tuleteeni na yule asiyefungua mdomo.

Na walimu wenzangu wa kwaya, vijana hawa wamesharudi kwenu. Wamezoea kuimba wote, safu zikitazamana, bila spika. Msiwarudishe kwenye benchi la wasikilizaji. Siombi mwache albamu zenu. Kila Jumapili toeni wimbo mmoja tu kwa watu, ule wanaoujua tangu utoto, bila kinanda, na kwaya igeuke iwatazame waumini. Anzeni na wimbo wa kuingilia, Jumapili hii inayokuja, na muushushe hatua mbili.